Tajiri akishika dola, mwananchi hugeuka mteja

Mwezi uliopita nilikuwa Malindi kwa mkutano wa walimu wa Kiswahili. Jioni, baada ya mihadhara kutuchosha sote, wasemaji na wasikilizaji, nilitoka kunyoosha miguu. Karibu na soko nikawaona vijana wawili wakihangaika na mkokoteni uliosheheni madumu ya maji. Mmoja alivuta, mwenzake akasukuma. Walipofika penye mwinuko, yule wa mbele akapaza sauti: "Forza! Forza!" Mkokoteni ukapanda.

Wasomaji wangu mnanijua. Neno geni likinipita masikioni silali. Walipotua kupumzika nikawasogelea, tukaamkuana, nikauliza neno lile wamelitoa wapi.

"Hilo Kitaliano, babu," akanijibu yule wa mbele huku akijipangusa jasho. "Maana yake kaza, twende."

Kwa Malindi hilo si ajabu. Tangu Waitaliano waanze kurusha roketi zao kutoka Ngomeni katika miaka ya 1960, watu wa taifa hilo wamekuwa wakija, wakajenga, wengine wakaoa na kufungua mikahawa. Lugha yao imeingia vinywani mwa wenyeji kama chumvi inavyoingia kwenye mchuzi. Nikamuuliza tena: "Na mkokoteni ni wako?"

"Wangu wapi, babu! Huu wa tajiri. Jioni nampelekea hesabu yake."

"Basi wewe una nini?"

Akacheka. "Mimi nina nguvu tu."

Nilirudi hotelini nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota sarafu njiani. Kijana yule, bila kujua, alikuwa amenitafsiria. Maana ya msingi ya neno forza katika Kitaliano ni nguvu. Isitoshe, katika maongezi ya dakika mbili alikuwa ametaja maneno mawili yaliyotawala siasa za Italia kwa karibu miaka ishirini: forza na tajiri. Leo nataka tuyachunguze, kwa sababu naona yanatuhusu sisi kuliko tunavyodhani.

Tuanze na tajiri. Neno hili tulilipata kwa Waarabu, na kwao tajir ni mfanyabiashara. Lilipofika kwetu likapanuka. Leo tajiri ni mtu mwenye mali nyingi, awe amezipata kwa biashara au kwa urithi. Tena tajiri ni mwajiri, mwenye chombo. Muulize dereva wa matatu au wa tuktuk kwa nini anakimbia hivyo, atakwambia tajiri anangoja hesabu. Kwa hivyo, katika neno moja, Kiswahili kimefungasha mambo matatu: biashara, mali na mamlaka juu ya jasho la mwingine. Wazungu huhitaji maneno matatu kueleza hayo. Sisi twasema tajiri, yamekwisha.

Je, mtu wa namna hiyo, aliyeanzisha biashara na kuikuza hadi ikawa himaya, akisimama na kusema sasa anataka kuongoza nchi, lugha inakuwaje? Simaanishi uchumi, hilo nawaachia wenye taaluma yao. Nauliza juu ya lugha. Yeye huwaita watu nani? Nao humwona nani?

Mfano ninaoufahamu vizuri ni wa Silvio Berlusconi. Alizaliwa Milan mwaka wa 1936, mtoto wa karani wa benki. Alipokuwa mwanafunzi aliwahi kuimba kwenye meli za watalii ili kupata riziki. Katika miaka ya 1960 akaingia katika ujenzi, akajenga mtaa mzima wa makazi ulioitwa Milano 2 pembeni mwa jiji. Kutoka kwenye nyumba akahamia kwenye televisheni. Mnamo 1980 akaanzisha Canale 5, na kufikia katikati ya mwongo huo alikuwa na stesheni tatu zilizotazamwa nchi nzima. Mwaka wa 1986 akainunua klabu ya AC Milan. Halafu, tarehe 26 Januari 1994, akatoa kanda ya video ya takriban dakika tisa akitangaza kwamba anaingia katika siasa. Miezi miwili baadaye alishinda uchaguzi, na mwezi Mei akawa Waziri Mkuu. Serikali ile ya kwanza haikumaliza mwaka, lakini alirudi 2001 hadi 2006, kisha 2008 hadi 2011. Hakuna waziri mkuu wa Italia tangu Vita vya Pili vya Dunia aliyekaa madarakani kwa jumla ya muda mrefu kuliko yeye. Alifariki tarehe 12 Juni 2023.

Sasa tazama jina alilokipa chama chake: Forza Italia. Ni sauti ileile ya wale vijana wa Malindi. Mashabiki wa timu ya taifa huishangilia hivyo uwanjani: kaza, Italia! Wafuasi wake wakaitwa azzurri, yaani wale wa samawati, jina wanaloitwa wachezaji wa timu hiyo kutokana na rangi ya jezi zao. Vyama vingine vilikuwa na matawi. Chake kikawa na klabu. Na alipotangaza kuingia katika siasa alisema ameamua kushuka uwanjani.

Msomaji atasema: Profesa, hayo ni mapambo tu. Sikubali. Hebu fikiria mtu aandikishe chama hapa Kenya na kukiita Harambee Stars. Siku ya mechi utashangilia vipi bila kumfanyia kampeni? Berlusconi alilichukua neno lililokuwa la Waitaliano wote, wa kulia na wa kushoto, akaliweka mfukoni mwake. Kuna watu waliojikuta hawawezi tena kuishangilia timu yao kwa raha. Tunazoea kudhani kwamba ardhi na fedha pekee ndizo mali ya umma. Lugha nayo ni mali ya umma, na inaweza kunyakuliwa vilevile.

Fauka ya hayo, sitiari ya michezo humbadilisha mpiga kura. Shabiki hamwulizi mwenye timu maswali ya bajeti. Timu ikishinda hupiga vigelegele, ikishindwa humlaumu refa. Nchini Italia refa huyo alipatikana upesi: mahakimu. Kila kesi ilipofunguliwa, jibu lilikuwa kwamba majaji wana rangi, ni wekundu, ni wakomunisti. Shabiki haulizi kama kulikuwa na rafu. Anataka kujua refa ni wa upande gani.

Lakini mhakiki asiyewatendea haki anaowahakiki hana tofauti na mpiga porojo. Lazima tuulize kwa nini lugha hii iliwavutia mamilioni ya watu, wengi wao wenye akili zao timamu. Nina majibu mawili.

La kwanza: lugha iliyokuwapo kabla yake ilikuwa imeoza. Wanasiasa wa zamani wa Italia walisifika kwa kusema mengi bila kusema kitu. Mfano unaotajwa sana ni kauli inayonasibishwa na Aldo Moro, kuhusu mistari sambamba inayokutana. Hata mtoto wa darasa la sita anajua mistari sambamba haikutani! Lugha hiyo ya mafumbo ilificha mambo, na yaliyofichwa yalifichuka kuanzia Februari 1992, wapelelezi wa Milan walipogundua kwamba hongo ilikuwa desturi katika zabuni za serikali. Waitaliano waliipa kashfa ile jina la Tangentopoli, ambalo tunaweza kulifasiri kuwa Mji wa Mlungula. Vyama vikubwa vilivyotawala kwa miongo kadhaa vikaporomoka. Akaja mtu anayesema kwa sentensi fupi, anayetabasamu, anayetaja nyumba, kodi na kazi. Watu wakasema, huyu angalau tunamwelewa. Na sisi wasomi tukubali fungu letu la lawama. Panapokuwa na lugha ya wakubwa isiyoeleweka, wa kwanza kusema wazi ndiye atakayeaminiwa, hata kama anayoyasema wazi si kweli.

Jibu la pili ni televisheni. Mwanaisimu Tullio De Mauro, ambaye baadaye aliwahi kuwa Waziri wa Elimu, alieleza katika kitabu chake cha 1963 jinsi Italia ilivyoungana mwaka wa 1861 huku watu wanaozungumza Kitaliano wakiwa takriban asilimia 2.5 tu. Waliobaki walizungumza lahaja zao, na nyingine hazikuelewana. Miongoni mwa mambo yaliyokieneza Kitaliano hadi vijijini ni televisheni ya umma, iliyoanza kurusha matangazo mwaka wa 1954. Kuanzia 1960 palikuwa hata na mwalimu, Alberto Manzi, aliyewafundisha watu wazima kusoma na kuandika kupitia kioo hicho. Wakenya waliokulia miguuni mwa redio ya Kiswahili wanalijua hili: chombo kinachokufundisha lugha unakiamini kama unavyomwamini mzazi.

Stesheni za Berlusconi zilikirithi kioo hicho, zikakigeuza kuwa duka. Wanauchumi watatu, Ruben Durante, Paolo Pinotti na Andrea Tesei, walichapisha mwaka wa 2019 utafiti uliolinganisha maeneo yaliyopata matangazo yake mapema, kabla ya 1985, na yale yaliyochelewa. Waliotazama mapema walielekea zaidi kumpigia kura baadaye. Tofauti haikuwa kubwa, karibu asilimia moja ya kura, lakini ilidumu uchaguzi baada ya uchaguzi. Jambo la kutia fikira ni hili: wakati huo stesheni zile hazikuwa na taarifa ya habari. Hakuna aliyewaambia watazamaji wampende nani. Walitazama filamu, michezo na burudani. Kumbe mtu anaweza kuandaliwa kisiasa bila kusikia neno hata moja la siasa.

Hapo ndipo tunafika kwenye mkataba, ambao kwangu ni kiini cha mambo.

Tarehe 8 Mei 2001, siku tano kabla ya uchaguzi, Berlusconi aliketi kwenye dawati katika kipindi cha Bruno Vespa kwenye televisheni ya umma, akatia sahihi karatasi iliyoitwa Mkataba na Waitaliano. Ulikuwa na ahadi tano: kupunguza kodi, mpango wa kukabili uhalifu, kuinua pensheni ya chini hadi angalau lira milioni 1 kwa mwezi, kupunguza ukosefu wa kazi kwa nusu kwa kuunda angalau nafasi milioni 1.5, na kuanzisha angalau asilimia 40 ya miradi mikubwa ya ujenzi iliyopangwa. Kisha kifungu cha mwisho: asipotimiza angalau nne kati ya hizo tano, hatagombea tena uchaguzi ujao.

Nakiri kwamba niliposoma habari hizo wakati ule nilivutiwa. Nilisema darasani, laiti wanasiasa wetu wangeweka ahadi zao katika tarakimu! Mwanafunzi mmoja wa nyuma akauliza swali lililonifunga mdomo: "Mwalimu, na nani atahesabu?"

Naam, nani? Mkataba, kama tunavyouelewa katika Kiswahili na katika sheria, una pande mbili, una mashahidi, na una mahali pa kushtakiana mmoja akiuvunja. Karatasi ile ilikuwa na upande mmoja ulioandika masharti, upande mwingine uliotazama kupitia kioo, na mwamuzi hakuwapo. Muda ulipofika mabishano yakazuka kuhusu ahadi zipi zimetimizwa. Mwenye mkataba akahesabu mwenyewe, akajipasisha mwenyewe, akagombea tena mwaka wa 2006. Alishindwa na Romano Prodi kwa tofauti ya takriban kura 25,000 kati ya zaidi ya milioni 38.

Yapo maelezo madogo katika wasifu wake ambayo kila nikiyakumbuka natabasamu. Berlusconi alisomea sheria Milan, akahitimu mwaka wa 1961. Tasnifu yake ilihusu nini? Mikataba ya matangazo ya biashara. Miaka arobaini baadaye alitia sahihi mbele ya taifa, na sisi wengine tukadhani ni mkataba. Lilikuwa tangazo.

Sasa nigeukie neno jingine ambalo sikulitarajia katika uchunguzi huu: penda. Ile hotuba ya video ya 1994 ilianza kwa kauli kwamba Italia ni nchi ninayoipenda. Nikajiuliza kama matajiri wengine walioshika dola waliongea vivyo hivyo. Thaksin Shinawatra, aliyetajirika kwa biashara ya simu na kuwa Waziri Mkuu wa Thailand mwaka wa 2001, alikiita chama chake Thai Rak Thai, maana yake Wathai wanawapenda Wathai. Marc Ravalomanana, aliyeanzisha kampuni ya maziwa ya Tiko na kuwa Rais wa Madagaska mwaka wa 2002, alikiita chake Tiako i Madagasikara, yaani naipenda Madagaska. Watu watatu, mabara matatu, lugha tatu zisizohusiana, na kitenzi kimoja!

Sidhani ni sadfa. Mfanyabiashara anajua kwamba mteja hanunui bidhaa tu, hununua hisia. Na upendo una sifa nzuri kwa mtawala: hauna mkaguzi wa hesabu. Ukimwuliza mtu barabara imefika wapi, anaweza kuonyeshwa kidole. Ukimwambia hainipendi nchi yake, utaonekana mchochezi. Ajabu ni kwamba mapenzi hayo mara nyingi hayakudumu. Thaksin aling'olewa na jeshi Septemba 2006. Ravalomanana aliondoka Machi 2009 baada ya maandamano, na katika ghasia za Januari mwaka huo maghala na maduka ya kampuni yake mwenyewe yaliporwa. Waporaji hawakuona tena tofauti kati ya serikali na duka, kwa kuwa mwenye vyote viwili alikuwa mtu mmoja.

Na hapo ndipo mteja anapoingia. Mteja ni neno la kutazamwa kwa makini. Leo twalitumia kwa mnunuzi, au kwa anayepewa huduma na wakili. Lakini kamusi zetu bado zinabeba maana ya zamani: mtu aliye mikononi mwa mganga, anayetibiwa. Mteja wa namna hiyo hapangi dawa. Anafuata masharti. Huku Pwani, kwa huzuni, vijana walionaswa na dawa za kulevya wanaitwa mateja. Na Wakenya wote wanaijua ile sauti ya simu inayotuarifu kwamba mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa, hata vijana wetu husema "fulani ni mteja" wakimaanisha simu yake imezimwa. Maana zote hizi zina uzi mmoja: mteja ni mtu anayehudumiwa, anayetegemea, au asiyepatikana. Hakuna hata moja inayomfanya mwenyeji.

Mwananchi ni kitu kingine. Linganisha na mwanahisa. Maneno haya yameundwa kwa namna moja, mwana na kitu anachohusiana nacho. Watetezi wa uongozi wa kitajiri hupenda kusema nchi ni kampuni na sisi sote ni wanahisa. Yaonekana tamu. Lakini mwanahisa asiyependa mwenendo wa kampuni huuza hisa zake asubuhi na kwenda zake. Kampuni ikifilisika, sheria humkinga: hapotezi zaidi ya alichoweka. Kampuni ikilemewa, huwafuta kazi wafanyakazi, na takwimu zake hupendeza. Nchi haiwezi kuwafuta kazi wazee wake, wala wagonjwa, wala watoto wasiozalisha faida. Wahenga wetu waliona mbali walipochagua jahazi na nahodha kuwa sitiari ya uongozi. Jahazi likienda mrama, nahodha naye hulowa.

Nazijua hoja za upande wa pili, na hodari kuliko zote ni hii: tajiri ameshashiba, hana haja ya kuiba. Waitaliano waliisema sana mwaka wa 1994. Nimeisikia pia katika matatu, katika kilabu cha wazee, hata katika chumba cha walimu. Jibu langu ni kwamba inakosea kuhusu shibe. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hawakusema mwenye shibe huacha kula. Mnamo Agosti 2013 mahakama ya juu ya rufaa ya Italia ilithibitisha hukumu dhidi ya Berlusconi kwa kosa la kukwepa kodi katika biashara ya haki za filamu za televisheni. Kumbuka kwamba ahadi ya kwanza katika mkataba wake ilihusu kodi.

Lakini hata tumwache na kesi zake. Hatari kubwa haikuhitaji wizi. Mwaka wa 2004, akiwa madarakani, Italia ilipitisha sheria kuhusu mgongano wa maslahi. Iliwakataza mawaziri kushika vyeo vya usimamizi katika kampuni. Haikuwakataza kuzimiliki. Yaani sheria ilisema, kwa lugha ya kawaida: huwezi kuwa meneja, lakini unaweza kuwa tajiri. Kijana wa Malindi angewafundisha watunga sheria wale kwamba hesabu ya jioni haipelekwi kwa meneja.

Nami nisije nikaonekana nafurahia kibanzi cha jicho la Mwitaliano. Hebu tutazame lugha tunayotumia sisi, pamoja na magazeti yetu, likiwemo hili linalonipa nafasi. Tunapokaribia uchaguzi wa 2027, utasoma kila siku kwamba mgombea fulani alizuru kaunti fulani kuuza sera zake. Kuuza! Hakuna anayeshtuka. Wapiga kura nao huambiwa wamezinunua au wamezikataa sera hizo. Ndugu zetu wa Tanzania husema kunadi sera, na nilidhani wametuzidi heshima hadi nilipokumbuka kwamba katika nadi ndimo lilimotoka neno mnada. Kwa hiyo kabla tajiri yeyote hajasimama jukwaani, sisi wenyewe, kwa kalamu zetu, tumeshafungua duka, tumepanga rafu na kumweka mwananchi upande wa pili wa kaunta. Tukishasema sera zinauzwa, tutashangaaje kura zikinunuliwa? Ni soko lilelile.

Sisemi mtu aliyeanzisha biashara asigombee. Mwenye kuanzisha kitu kutoka sufuri na kikasimama ana maarifa ambayo wengi wetu wenye shahada hatuna. Ninachosema ni kwamba akija, aje kwa lugha ya nchi. Atuambie atatoza nini, atatumia nini, nani atamkagua na nani atamwondoa akishindwa. Akisema atatuhudumia kama wateja, tumjibu kwa adabu kwamba dukani tutakwenda siku nyingine. Akituletea mkataba, tuulize lile swali la mwanafunzi wangu wa nyuma.

Na kwa wahariri na waandishi vijana nina ombi moja dogo. Mgombea anaeleza sera. Anatetea sera. Anapendekeza sera. Kiswahili hakina uhaba wa vitenzi. Hiki cha kuuza tuwaachie wachuuzi wa soko la Malindi, ambao angalau wanakuonyesha samaki na kukuruhusu umbonyeze macho kabla hujatoa pesa.

Yule kijana sikumwuliza jina wala atampigia nani kura. Alipomaliza kupumzika alishika mipini, mwenzake akainama nyuma, wakaondoka. Mkokoteni ulikuwa wa tajiri. Nguvu ilikuwa yao.